Gundi Si Chakula

Bi Fundi alipata habari za siku kutoka kwenye kifungo cha juu cha shati la mumewe. Kila asubuhi mzee alisimama mbele ya kioo cha chumbani akihangaika na kile kifungo kidogo cha shingoni, na mkewe akajifanya anatandika kitanda. Mzee akiguna kidogo kisha akakifunga, siku ilikuwa ya nafuu. Akigeuka na kunyanyua kidevu bila kusema neno, kama mtoto anayengoja kuvalishwa sare, basi vidole vilikuwa vimegoma. Hapo Bi Fundi alimfungia huku akizungumzia mambo mengine kabisa, mawingu yaliyotanda au mbwa wa jirani, ili aibu isipate mahali pa kukaa.

Mwaka ule siku za kunyanyua kidevu zilizidi.

Mumewe alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Watu walimwita Fundi Majalada, na mkewe akaitwa Bi Fundi, jina lililomfuata mpaka jikoni kwenye shule aliyopikia miaka mingi kabla hajastaafu. Karakana ya mzee ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa mbao ulioitazama barabara. Ndani mlikuwa na meza nzito yenye makovu ya visu, kibano cha chuma cha kukandamizia vitabu, mabunda ya kadibodi, vitambaa vya majalada vilivyokunjwa rafuni, na jiko dogo la umeme lenye sufuria ya gundi juu yake. Walimletea kamusi zilizotoka migongo, vitabu vya nyimbo vilivyoachia kurasa, vitabu vya maktaba vilivyopita mikononi mwa watoto wengi wenye vidole vichafu. Kitabu kikiingia kwake kimepooza, kilitoka kinasimama.

Maumivu yalimwanzia kwenye vifundo vya vidole, yakapanda viganjani, yakahamia mabegani, mwishowe yakajenga kabisa mgongoni. Vidonge vilimtuliza kidogo lakini vilimuunguza tumbo. Alijichua kwa mafuta, akafunga vitambaa vya moto, akaombewa. Jioni alirudi nyumbani akiwa amekunja uso, akaketi, na Bi Fundi alijua kutokana na jinsi alivyokishika kikombe kwa mikono miwili.

Chumba kinachopakana na karakana kilikuwa cha mdogo wake Bi Fundi, kijana wa zamani aliyekuwa na mashine ya kutoa nakala, ndiyo maana watu wote walimwita Fotokopi. Fotokopi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda shemeji yake, ila alikipenda zaidi kile chumba kirefu. Siku moja Bi Fundi alimkuta amechuchumaa ndani ya karakana, anachora mstari wa chaki sakafuni.

"Unafanya nini humo, mdogo wangu?"

"Napima tu, dada. Mashine ya pili ingekaa hapa, karibu na soketi."

"Na mwenye chumba umemweka wapi kwenye hesabu zako?"

"Nimemwachia kiti," alisema Fotokopi. "Tena cha kuegemea."

Mzee alikuwepo, amesimama mezani na kisu mkononi, akacheka. "Mwache apime, mama. Shemeji yangu huyu akiniona nimelala mchana, anapima na kitanda."

Lakini usiku huo huo chakula kilipokwisha kuliwa, alimwambia mkewe maneno ambayo hakuyacheka. Mchungaji alikuwa amemletea Biblia ya mimbarini. Kanisa lilikuwa linaezekwa upya, na ile Biblia kubwa, kuukuu kuliko wao wote, ilikuwa imevunjika mgongo na kuachia mafungu mazima ya kurasa. Ilitakiwa iwe imeshonwa na kuvikwa jalada jipya kanisa litakapofunguliwa.

"Nimejiwekea neno na Mungu," alisema. "Nikiishona mpaka mwisho kwa mikono yangu, nabaki kwenye kazi. Nikishindwa, namkabidhi mdogo wako ufunguo, nakunja jamvi."

"Na umeanza?"

"Nimeshona fungu la kwanza nikalifumua. Uzi sina nguvu ya kuukaza. Kitabu chenye mshono uliolegea ni bora kingeachwa kilivyokuwa."

Bi Fundi aliondoa vyombo. Alimjua. Mwanamume huyu akiketi kwenye kiti cha kuegemea, hata cha sofa, hatamaliza mwaka.

Ndipo alipomkokota kwa daktari kwa mara nyingine. Daktari alikuwa mwanamke mpole, mwenye umri wa binti yao, na alimwita mzee "baba" kwa heshima zote. Alimpima damu, akaangalia vidole kimoja kimoja, akarudisha dawa kwenye kiwango ambacho tumbo lingekivumilia. Kisha akauliza anakula nini.

"Mkate," alisema Bi Fundi kabla mumewe hajafungua kinywa. "Asubuhi mkate, mchana akikosa chakula mkate, jioni biskuti."

Daktari alieleza kwamba ndani ya ngano na shayiri mna kitu kinachoitwa gluteni. Wapo watu ambao wakikiacha, maumivu yao hupungua. Wapo wengine ambao hakiwahusu kabisa. "Sikuahidi kitu, baba. Ni kujaribu. Lakini ukijaribu, jaribu kikamilifu. Usipunguze, acha. Ukionjaonja huku na huku, hatutajua lolote, si wewe wala mimi."

"Huyu gluteni," mzee aliuliza, "kwa miaka yote hii amekaa kwangu bila hata kujitambulisha?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Bi Fundi hakucheka. Mpishi wa shule akiambiwa jambo la chakula huwa kama askari aliyepewa amri. Siku hiyo hiyo alitoa ngano yote nyumbani akaigawa kwa majirani. Mkebe wa biskuti aliuosha akautia vifungo na sindano. Alisugua sufuria, akachemsha vijiko, akatupa ubao wa kukatia mkate kwa sababu nyufa zake zilimtia wasiwasi. Kifungua kinywa kikawa viazi vitamu na mayai, mchana wali na maharage, jioni uji wa mtama. Alisoma maandishi madogo nyuma ya kila pakiti huku ameishika mbali na macho, na nyingine alizirudisha dukani akiwa amenuna.

Mzee alifuata kwa roho safi. Mkate aliutamani, hasa ule wa asubuhi ulionukia kutoka duka la jirani, lakini hakulalamika. Kilichompa shida ni mkate wa Meza ya Bwana. Alijua ni wa ngano. Jumapili ya kwanza aliuona unakuja mstarini, akashikwa na fadhaa, akauacha upite. Baada ya ibada alimfuata mchungaji akiwa ameinamisha kichwa, mkewe nyuma yake.

"Mchungaji, mimi siukatai mwili wa Bwana. Nimekatazwa ngano."

"Fundi, chukua kikombe peke yake kwa moyo wako wote," alisema mchungaji. "Bwana wetu alikula na wagonjwa. Hajawahi kumuuliza mtu kama amemaliza sahani."

Maneno hayo yalimtua mzee mzigo. Bi Fundi aliona jinsi mabega yalivyoshuka.

Ila maumivu hayakushuka. Wiki zilipita, na kidevu kiliendelea kunyanyuka mbele ya kioo. Mafundi wa paa walimaliza upande mmoja wa kanisa wakahamia wa pili. Ile Biblia ilikuwa bado imelala mezani chini ya kitambaa safi, mafungu yake yamepangwa, mengi hayajashonwa. Fotokopi alianza kupita karakanani na mkate mkononi, akiutafuna polepole.

"Shemeji, ukichoka na viazi vyako, nakukatia kipande. Siri yetu."

"Shemeji, wewe hata siri ya mashine yako kukwama huwezi kuitunza."

Lakini siku nyingine mzee hakumjibu utani wake. Alisema tu, taratibu, akiwa hata hajageuka, "Pima vizuri huko kwenye soketi." Fotokopi mwenyewe alishtuka. Alikuja kumwambia dada yake jikoni, mkate ukiwa bado mkononi na hamu ya kuutafuna imemwisha. "Dada, safari hii hakutania."

Bi Fundi aliposikia hivyo alipakua chakula kwenye bakuli lenye kifuniko, akavaa ndara zake akaenda karakanani saa ile ile, bila kungoja mchana. Hakuwa na hotuba kichwani. Alitaka tu kumwona.

Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa amempa mgongo, ameinama juu ya jiko dogo, anakoroga gundi mpya kwa mwiko. Unga aliukoroga na maji baridi kwanza, kisha akautia kwenye maji ya moto kidogo kidogo, halafu shabu chembe chache ili isioze. Alipoona imeanza kung'aa, aliepua. Akachovya kidole cha shahada ndani ya sufuria, akakipuliza, akakiweka ulimini. Akafumba macho. Akameza.

Bi Fundi alibaki mlangoni na bakuli lake.

Mzee alichovya tena, akaonja tena, akatikisa kichwa kuridhika.

"Mume wangu," alisema Bi Fundi kwa sauti ya chini sana. "Hicho ulichokula ni nini?"

"Sijala kitu."

"Hicho cha kidoleni."

"Aa, hii? Gundi."

"Gundi ya nini?"

"Gundi ya kazi, mama. Gundi si chakula."

"Sikukuuliza kama ni chakula. Nimekuuliza imepikwa na nini."

Mzee alifungua kinywa. Akaitazama sufuria. Akautazama mfuko wa unga uliokuwa chini ya meza, ule ule uliokaa pale tangu siku aliyofungua karakana, ukiisha unaletwa mwingine. Barabarani mtu alipita na baiskeli inayolia mnyororo.

"Ngano," alisema mzee.

Bi Fundi aliweka bakuli mezani. "Mimi nimesugua sufuria mpaka zimetoka rangi. Nimetupa ubao niliopewa na mama yangu. Nimegombana na mwenye duka juu ya pakiti ya viungo. Kumbe wewe una jiko la pili."

"Sikufikiria."

"Unaonja mara ngapi kwa siku?"

Mzee alijikuna kichwa. Ikabidi aeleze, na mkewe aliyeishi naye ujana na uzee alisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Aliyemfunza kazi alikuwa fundi mkali ambaye hakuamini macho. Alimfundisha kwamba gundi hupimwa kwa ulimi. Isipoiva, huacha ungaunga ulimini. Ikiiva, huteleza. Ikianza kuchacha, ulimi hujua kabla ya pua, na gundi iliyochacha ikitiwa kitabuni huita wadudu na kuozesha karatasi. Kwa hiyo unaonja ukiipika, unaonja kila ukifunua sufuria, unaonja ukitoka kula, unaonja kabla ya kufunga mlango. Na kurasa zikigandana, unalowesha kidole kwa mate na kuendelea, kidole kile kile chenye gundi. Mwili wake ulifanya hayo bila kumuuliza, kama mtu anavyopepesa macho.

"Kwa hiyo," alisema Bi Fundi, "mkate umeacha, ila umebaki na uji."

Mzee alianza kutikisika mabega. Mkewe alidhani analia, akamsogelea, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika meza kwa sababu mgongo ulimuuma kwa kucheka, na Bi Fundi, aliyekuja amebeba hofu tupu, alivunjika mbavu pamoja naye. Fotokopi alichungulia, akaambiwa, naye akaketi chini kwenye mstari wake wa chaki.

"Shemeji," alisema akifuta machozi, "mimi nakufichia kipande cha mkate, kumbe wewe unakunywa kwa ndoo."

Kazi iliyofuata ilikuwa ya Bi Fundi. Aliloweka mchele, akausaga laini, akauchuja kwa kitambaa safi, akauacha utuame kwenye beseni mpaka maji meupe kama maziwa yakawa maangavu juu na wanga ukajilaza chini. Alimwaga maji, akapika wanga kwa moto mdogo bila kuacha kukoroga. Mara ya kwanza ilitoka na madonge. Mara ya pili ilikuwa nyepesi mno, kadibodi zikaachia zikiwa bado kibanoni. Mzee alikunja uso. Alikuwa ametumia ngano tangu ujana, na moyoni aliona kama anamsaliti mwalimu wake.

"Mchele haushiki," alisema.

"Mchele unashika. Hukuwahi kuosha sufuria ya wali wa watoto wa shule, ndiyo maana unasema."

Mara ya tatu iliiva ikawa nyeupe, laini, inayong'aa. Mzee alibandika kipande cha kitambaa juu ya kadibodi, akakiacha kikauke, kisha akamwita Fotokopi mwenye mikono mizima avute. Fotokopi akavuta kwa nguvu zake zote, uso ukamwiva. Kadibodi ilichanika tabaka lake la juu. Kitambaa kikabaki kimeganda nalo.

Mzee aliviangalia vile vipande kwa muda. "Haya," alisema. "Imeshika."

Mfuko wa ngano ulitoka karakanani siku hiyo, na meza, kibano na rafu vikafutwa kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi la unga lilikuwa limejaa kila mahali. Bi Fundi alifuta mwenyewe. Hakumwamini mtu mwingine.

Haikuwa kama kuwasha taa. Hakuna asubuhi ambayo mzee aliamka mzima. Ilikuwa zaidi kama mgeni msumbufu anayeanza kuaga: anasimama, anaketi tena, anasimama tena. Mabega yaliachia kwanza. Kisha mzee akaanza kukishika kikombe kwa mkono mmoja bila mwenyewe kutambua, na Bi Fundi hakumwambia kwa kuogopa kulishtua jambo hilo. Mgongo haukuondoka kabisa, na siku za baridi vidole vilikuwa vigumu. Lakini asubuhi moja Bi Fundi alikuwa anatandika kitanda, akangoja kidevu, kidevu hakikuja. Alipogeuka, mumewe alikuwa ameshatoka chumbani. Alimkuta mlangoni anavaa viatu, shati limefungwa mpaka shingoni.

Bi Fundi alirudi chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda ambacho hakijamalizwa kutandikwa, akamshukuru Mungu kwa kifungo.

Biblia ilishonwa. Siku zingine mzee alishona fungu moja akapumzika, siku zingine mawili. Bi Fundi alikwenda kuketi naye mchana akichambua maharage, akisikiliza uzi unavyopita kwenye karatasi, kisha ule mlio mfupi mzee anapoukaza. Alipofika fungu la mwisho, mzee aliukaza uzi, akafunga fundo, akakata. Alichukua kitambaa chenye maji, akainama taratibu akishika meza, akafuta mstari wa chaki sakafuni.

Fotokopi aliona. "Shemeji, ungeniacha hata na kumbukumbu."

"Kumbukumbu nimekuachia kiti," alisema mzee. "Tena cha kuegemea."

Walipomrudia daktari, alifurahi, akasema kama wanataka kuwa na hakika zaidi, mzee angeweza kurudia ngano kwa muda mfupi waone. Mzee alimtazama mkewe, kisha daktari.

"Binti yangu," alisema, "mimi mbishi, lakini si kiasi hicho."

Siku kanisa lilipofunguliwa, bati jipya liking'aa na harufu ya rangi ikiwa bado ukutani, mchungaji alifungua Biblia ile katikati na kuiachia. Kitabu kilichoshonwa vibaya hujifunga chenyewe au huinua kurasa. Hiki kililala wazi, kimetulia mkono wa kushoto na wa kulia. Mzee aliketi kwenye benchi la tatu, shingo imefungwa kifungo, macho yake hayako kwa mchungaji bali kwenye mgongo wa kitabu. Bi Fundi alimgusa kwa kiwiko asikilize neno la Mungu. Kikombe kilipopita, alikinywea kwa moyo wake wote kama alivyoambiwa.

Baada ya hapo alifanya kazi miaka mingine mingi. Mkate hakuuonja tena, na sufuria ya karakanani haikupikiwa ngano tena. Ulimi wake ulirudishiwa kazi yake: alichovya kidole, akaonja, akafumba macho, na mkewe akimkuta alisema tu, "Kula, baba, huo ni wali."

Bwana alimchukua mchana, baada ya chakula, alipokwenda kujilaza kidogo kama kawaida yake. Alikuwa ametoka karakanani asubuhi hiyo hiyo, na alikuwa amesema atarudi kumalizia kitabu cha nyimbo cha mama mmoja wa kwaya.

Waliporudi kutoka makaburini, nyumba ilijaa watu, na Bi Fundi aliwaacha ndani akatoka na ufunguo. Fotokopi alimfuata bila kuitwa. Ndani ya karakana kila kitu kilikuwa mahali pake. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kibanoni, kimeshonwa, kinangoja jalada. Juu ya jiko lililozimwa kulikuwa na sufuria iliyofunikwa.

Bi Fundi aliifunua. Alichovya kidole cha shahada, akakiweka ulimini, akafumba macho. Iliteleza. Hakukuwa na ungaunga, wala ukali.

"Ipoje, dada?" aliuliza Fotokopi.

"Haijachacha," alisema Bi Fundi. "Nipe brashi. Tumalizie kazi ya mtu."